Dairekta anazingua katikati ya shuti: mwongozo kamili wa kumbadilisha filamu isife

Stori ni ile ile kila msimu. Dairekta kala advansi, siku ya tatu anafika lokesheni saa tano wakati kruu (timu nzima ya kushuti) iko pale tangu saa kumi na mbili asubuhi, siku ya tano simu haipatikani kabisa, prodyuza anapandwa na hasira anamtoa kwenye grupu la WhatsApp usiku huo huo, halafu kunakucha anakumbuka kwamba diski (hard disk) yenye kazi yote ya wiki iko kwenye begi la huyo huyo aliyemtoa.

Wengi wanaokwama wanakwama kwa sababu ya mpangilio. Wanaanza na kufukuza, wakishafukuza ndo wanatafuta picha, wakikosa picha ndo wanatafuta mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa wa mdomo. We geuza. Mali kwanza, karatasi zifuate, mtu mpya awe tayari, maneno yaje mwisho.

Naongelea filamu ya Bongo ya bajeti ndogo, kruu ya watu kumi mpaka ishirini, hela imetoka kwa mtu mmoja au wawili, hamna bima wala kampuni kubwa nyuma yenu. Walioko Kenya na Zanzibar mengi yanawahusu, panapotofautiana ntasema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua mdomo

- Diski (hard disk) mbili tupu, kila moja iwe na nafasi kubwa kuliko kazi yote iliyoshutiwa mpaka sasa. Zifomati exFAT ili zisome kwenye Mac na Windows. Usitumie FAT32, ile haipokei faili moja likizidi GB 4 na klipu za siku hizi zinazidi.
- Kompyuta yenye tundu la USB 3 na waya wake halisi.
- Mkataba wa dairekta. Kama hamna, basi meseji zote mlizokubaliana, na sms za M-Pesa au risiti za benki za hela uliyomlipa.
- Skripti ya mwisho, ile mnayoshutia kweli, pamoja na daftari la kontinyuiti (kumbukumbu ya nguo, vitu na mikao ili shoti zifuatane) na orodha ya sini, yaani vipande vya stori, zilizokwisha.
- Nakala ya kibali cha kushuti.
- Hela taslimu ya kumalizana naye. Ndio, hata kama amekukera.
- Mtu wa tatu ambaye nyote wawili mnamheshimu.
- Wakili, hata wa saa moja tu.
- Siku tatu mpaka nne ambazo hazina shuti.

Kama kwenye hiyo orodha huna hela ya kumalizana wala huna hizo siku, subiri. Mvumilie mpaka uwe navyo.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni yeye, sio wewe

Hii watu hawapendi kuisikia. Dairekta ambaye hajalipwa wiki mbili na anapanda daladala tatu kuja lokesheni atachelewa, na ukimbadilisha na mwingine usiyemlipa utapata mchelewaji mwingine. Kaa chini jiulize: nimemlipa nilichoahidi kwa tarehe niliyoahidi? Ratiba anaipata jana yake mapema au anaipata saa sita usiku? Nimewahi kumwambia kwa maandishi kwamba hiki na hiki hakikubaliki?

Kama jibu ni hapana, anzia hapo. Mlipe, mtumie meseji moja ya heshima iliyonyooka, mpe wiki moja.

Kisha fungua daftari. Kila tukio andika tarehe, saa, kilichotokea, shoti ngapi zimepotea na nani alikuwepo. "Jumanne, wito saa 12:30 asubuhi, kafika 4:50, sini ya 31 haikushutiwa, jua lilikuwa limeshapanda." Hivyo tu. Usiandike "ana dharau", usiandike "mlevi". Andika kitu ambacho mtu mwingine aliyekuwepo atasema ndio, nilikiona.

Tofautisha pia mzembe na mtu ambaye humpendi kazi yake. Dairekta anayekuja kwa wakati, anajua anachotaka, ila wewe huoni uzuri wa shoti zake, huyo sio kimeo. Huyo mnahitaji kuongea kuhusu filamu. Kimeo ni yule ambaye kruu inakaa inamsubiri, anakuja hajasoma sini ya leo, anabadilisha skripti lokesheni bila kumwambia mtu, anaahidi waigizaji hela usizozijua, au anatokomea.

Ukifanikiwa hapa: una ukurasa mmoja au miwili wa matukio yenye tarehe, meseji ya onyo aliyoiona, na malipo yake yako safi.

## Hatua ya 2: Kamata picha na sauti kwanza

Hatua hii ndo filamu yako. Ukikosea nyingine zote unaweza kurekebisha, hii hapana.

Usiende na sura ya ugomvi. Bakapu ni kitu cha kawaida, prodyuza yeyote ana haki ya kudai nakala ya kazi yake, kwa hiyo omba kama sera ya filamu nzima: "Kuanzia leo kila siku jioni tunanakili kwenye diski mbili, moja inakaa kwangu." Sema mbele ya kruu, iwe ya wote, DOP (msimamizi wa kamera na taa) asikie na edita asikie.

Sasa piga hesabu ya muda, manake hapa ndo watu wanaumbuka. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja. Ikiwa kwenye megabiti 400, ni GB 180 kwa saa. Diski ya kawaida ya kuzunguka kwenye USB 3 inanakili kama megabaiti 100 na kidogo kwa sekunde, yaani terabaiti moja ni masaa mawili na nusu hivi mambo yakienda sawa. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2 utakaa nayo masaa manane. Kwa hiyo ule mpango wa "ntaichukua fasta wakati anakula" haupo. Panga usiku mzima, au mwombe DOP au edita ambaye unamwamini afanye.

Unapokopi fuata haya:

1. Chukua folda ya kadi nzima ilivyo, usichague klipu moja moja. Kamera nyingi, hasa za Sony, zinaweka taarifa zake kwenye folda nyingine pembeni na ukiacha hizo edita atapata shida.
2. Chukua sauti. Narudia, chukua sauti. Faili za WAV ziko kwenye rekoda ya mtu wa sauti au kwenye laptopu yake, na mara nyingi hakuna mtu anayezikumbuka mpaka edita aanze kuuliza.
3. Linganisha idadi ya faili na ukubwa kwa baiti kati ya diski ya kwanza na ya pili. Zikitofautiana hata kidogo rudia.
4. Fungua klipu kumi kumi kwa kila siku ya shuti, cheza mwanzo na mwisho. Faili kuonekana sio kwamba inacheza.
5. Kama edita ameshaanza, chukua faili la projekti pia. Premiere ni rahisi, faili lipo kwenye folda. DaVinci Resolve inaweka projekti ndani ya databesi yake, lazima ieksportiwe ndo upate faili la kubeba, ukibeba folda ya picha tu umebeba picha bila kazi ya edita.

Nakala moja iache nyumbani kwako, nyingine ipeleke kwa mtu mwingine mtaa mwingine kabisa. Wezi na mafuriko ya Dar hayachagui.

Wakati uko hapo hapo, badilisha nywila za vitu vya filamu: barua pepe ya produksheni, Google Drive, akaunti ya Instagram na YouTube ya filamu. Kama akaunti ilifunguliwa kwa namba ya simu ya dairekta, ihamishie kwenye namba yako sasa hivi wakati bado mnaongea vizuri.

Onyo: usiingie nyumbani kwa mtu, usifungue begi lake, usimnyang'anye laptopu yake. Diski ukinunua wewe ni yako, laptopu ni yake hata kama picha zako zimo. Ukigusa hapo kesi inageuka, wewe ndo unakuwa mtuhumiwa.

Ukifanikiwa hapa: akizima simu leo kwa mwezi mzima, edita bado anaweza kufanya kazi kesho.

## Hatua ya 3: Soma karatasi, kama zipo

Kwenye mkataba tafuta vitu vinne: namna ya kuuvunja na notisi ya siku ngapi, malipo yanakwenda kwa awamu gani, nani anamiliki kazi, na jina lake litaandikwaje. Kama mkataba unasema notisi ya maandishi siku saba, basi ni siku saba kwa maandishi, usiruke.

Kama mlikubaliana kwa mdomo, bado ni makubaliano. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haisemi kila mkataba lazima uandikwe, kwa hiyo usifikiri kukosa karatasi kunakupa uhuru wa kumdhulumu, naye hakumpi uhuru wa kutokomea na hela yako. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu haukataliwi kama ushahidi eti kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa hiyo zile meseji za WhatsApp za "nakupa milioni mbili, nusu sasa nusu tukimaliza" zitunze, eksporti chati nzima, usifute hata zile ulizotukana.

Halafu umiliki. Kenya sheria ya hakimiliki ya 2001 inamtaja mwenye kazi ya video kuwa yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, ambaye kwa kawaida ni prodyuza. Hilo ni zuri kwako lakini haki za kimaadili za muongozaji, kama jina lake kutajwa, ni kitu kingine. Kwetu usiende kwa kudhani. Muulize wakili, na kwa vyovyote vile pata sahihi yake kwenye karatasi ya Hatua ya 7.

Jambo la mwisho, kama ulikuwa unamlipa kila mwezi kama mfanyakazi wa kampuni yako, muulize wakili kuhusu CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) kabla hujafanya lolote, manake hapo mnaingia kwenye sheria ya ajira ambayo ina utaratibu wake wa kumwachisha mtu kazi.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kilichobaki

Chukua skripti na kalamu. Kila ukurasa ugawe sehemu nane, ndivyo wapanga ratiba wanavyopima, sini ndogo inakuwa mbili ya nane, sini ndefu ukurasa mmoja na tano ya nane. Jumlisha zilizobaki.

Mfano: skripti ya kurasa 90, zimeshutiwa 52, zimebaki 38. Kruu yenu inafanya kurasa 5 kwa siku. Dairekta mpya siku ya kwanza mpe 3 tu. Kwa hiyo 3, kisha siku 7 za kurasa 5, jumla siku 8. Siku moja ya shuti inakula laki 7, hiyo ni milioni 5 na laki 6. Weka siku tatu za kusimama kwa laki 2 kila moja (vifaa vya kukodi na waigizaji waliotoka mikoani hawasimami bure), hiyo laki 6. Weka malipo ya mtu mpya, milioni 1. Weka siku mbili za kurudia sini zilizoharibika, milioni 1 na laki 4. Jumla milioni 8 na laki 6.

Namba zako zitakuwa nyingine, ila mistari ndo hiyo. Linganisha na hela iliyobaki mfukoni, sio iliyoahidiwa na mdau fulani. Ikipungua una njia mbili: punguza sini, au simamisha filamu kwa tarehe inayojulikana. Usianze na dairekta mpya ukijua hela inaishia siku ya tano.

Na kama zimebaki siku mbili tatu, mi ntakwambia acha. Mbane na asistanti dairekta mzuri, malizeni. Kubadilisha mtu mwishoni kabisa kunakula hela nyingi kuliko uzembe wake.

## Hatua ya 5: Tafuta mbadala kimya kimya

Usitangaze. Ongea na mtu mmoja mmoja, mtu ambaye hana undugu na grupu la dairekta wako, na mwambie wazi kwamba bado hujaachana na wa mwanzo.

Asistanti dairekta wenu. Anaijua ratiba, anawajua watu, kruu inamheshimu. Kama ana jicho, huyu ndo chaguo la kwanza kwa bajeti ndogo. Hasara: utahitaji asistanti mwingine, na huyo usimsahau, kwa sababu ukimwachia mtu mmoja kazi zote mbili unatengeneza mchelewaji mwingine.

DOP. Anavutia kwa kuwa anajua picha. Shida yake ni waigizaji. DOP wengi wanaangalia taa, sini ya kilio inaisha hawajui kama kilio kilikuwa cha kweli. Kama waigizaji wako wakuu ni wazoefu inawezekana.

Mwigizaji mkuu au wewe prodyuza. Hapa nina wasiwasi mkubwa. Marekani kwenye filamu ya The Outlaw Josey Wales ya mwaka 1976, dairekta Philip Kaufman aliondolewa, na Clint Eastwood, aliyekuwa staa wa filamu hiyo, akakaa kwenye kiti chake. Chama cha madairekta cha kule, DGA, kikaweka sheria ya kuzuia mtu aliyeko tayari kwenye filamu kuchukua nafasi ya dairekta aliyefukuzwa. Kwetu sheria hiyo haipo lakini sababu yake ipo: watu wakiona aliyenufaika ndo aliyemtoa mwenzake, kila mtu kwenye seti anaanza kulinda mgongo wake. Ukilazimika kukaa wewe, kaa, ila mtafute mwingine wa kusimamia hela.

Mtu wa nje. Anakuja na macho mapya na hana ugomvi na mtu. Usiangalie shoorili yake (video ya sampuli za kazi) ya shoti nzuri tu, piga simu kwa prodyuza wake wa mwisho uulize swali moja: alikuwa anafika saa ngapi?

Muulize huyo mtu mpya pia kama yuko tayari kumaliza filamu ya mtu mwingine. Kuna wenye majina ambao watataka kurudia kila kitu kuanzia sini ya kwanza, na hela hiyo huna.

Ukifanikiwa hapa: una mtu mmoja aliyesoma skripti, amekubali bei na tarehe kwa maandishi, na yuko tayari kuanza ndani ya wiki.

## Hatua ya 6: Kikao cha kumwambia

Chagua siku isiyo na shuti, mchana, sehemu tulivu. Usiende lokesheni, usiende baa. Mwite kwa simu, sio kwa meseji, na mwambie ni kikao cha kuongelea filamu. Wewe, yeye, na yule mtu wa tatu. Basi. Usije na genge.

Kama kakuzidi umri mpe salamu yake na heshima yake kwanza, hata kama unachemka. Kisha sema mapema, usizunguke dakika arobaini mpaka akadhani mnapanga ratiba:

"Kaka, nimekuita tuongee kitu kigumu. Filamu haiwezi kuendelea na wewe kwenye kiti cha dairekta. Nimeshaamua, sijaja kuomba ushauri. Kazi uliyofanya nimeiona na nitailipa. Nimekuja na haki yako na karatasi tusaini, tubaki tunaheshimiana."

Akiuliza kwa nini, taja mambo matatu kutoka kwenye daftari, yenye tarehe, uishie hapo. Usitaje ya kumi na saba. Usitaje nani alisema nini, manake kesho anampigia huyo mtu. Akianza kuomba nafasi nyingine, utasikia huruma, hiyo ni kawaida, ila kama ulishampa onyo na wiki yake kwenye Hatua ya 1 basi jibu unalo.

Akipandisha sauti, muachie yule mtu wa tatu aongee. Kazi yake ndo hiyo.

Onyo: usimtoe kwenye magrupu kabla ya kikao, usiposti kitu, usimwambie mke wa DOP. Habari ikimfikia kabla yako umepoteza.

## Hatua ya 7: Karatasi ya kuachana

Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, wakili aipitie. Iwe na haya:

- Majina yenu, jina la filamu, tarehe aliyoanza na anayoishia.
- Jumla aliyolipwa, anacholipwa leo, na maneno kwamba hana dai lingine la fedha.
- Kazi yote aliyofanya, picha, sauti, maandishi na orodha ya shoti, haki zake za kibiashara anazihamishia kwa prodyuza.
- Vitu anavyorudisha: diski, kadi, funguo, maleba, barua za lokesheni.
- Jina lake litatokeaje kwenye filamu.
- Kwamba hakuna upande utakaomsema mwingine vibaya hadharani.
- Sahihi zenu na za mashahidi wawili.

Mlipe hapo hapo akisaini, na ulipe kwa njia inayoacha alama, M-Pesa au benki, hata kama noti ulizibeba kwa ajili ya kumtuliza. Kiasi gani? Mi naenda kwa siku alizofanya kazi kweli, na nikiona sahihi inakawia naongeza kidogo. Wengine wanaona huko ni kumzawadia mzembe. Haya, piga hesabu ya siku moja ya kruu nzima kukaa bure kwa sababu ya barua ya wakili wake, uone ipi nafuu.

Akikataa kusaini, usimlazimishe. Mpe barua ya kusitisha mkataba kwa kufuata notisi ile ya Hatua ya 3, aipokee mbele ya shahidi au itumwe kwa njia yenye kumbukumbu, na wakili wako aendelee kutoka hapo. Kushuti unaweza kuendelea ila filamu usiitoe mpaka hilo limeisha.

## Hatua ya 8: Waambie watu siku hiyo hiyo

Jioni ile ile. Anza na waigizaji wakuu kwa simu, kisha wakuu wa vitengo, kisha wote kwa pamoja. Maneno machache: fulani hayupo tena, tunamshukuru kwa kazi, fulani anaendelea, shuti inarudi siku fulani, malipo yenu hayajabadilika. Hiyo sentensi ya malipo usiiache, kruu ikisikia mabadiliko kitu cha kwanza inachofikiria ni hela yake.

Kutakuwa na mmoja au wawili walioletwa na yule dairekta. Kaa nao pembeni, waulize kama wanaendelea, wakitaka kuondoka walipe siku zao waende. Ukimbakisha mtu kwa kumsihi, stori zote za seti zitakuwa zinavuja kila jioni.

## Hatua ya 9: Mpe mtu mpya siku tatu

Siku ya kwanza anaangalia picha zote zilizoshutiwa. Zote, na takataka zake, sio trela uliyoitengeneza kumfurahisha. Siku ya pili edita anampangia sini kwa mtiririko, hata bila rangi wala muziki, wanaona wapi pana matundu. Hapo ndo unajua ukweli kuhusu zile siku mbili za kurudia: huenda ni moja, huenda sini nzima ya msiba ina shoti pana tu na hakuna uso wa mtu hata mmoja.

Siku ya tatu anakaa na waigizaji wakuu mmoja mmoja. Mwigizaji ameshajenga mtu wake kichwani kwa maelekezo ya dairekta wa kwanza, ukimjia na maelekezo tofauti kabisa, sini ya 12 atakuwa mpole na sini ya 13 atakuwa mwingine na hakuna mtazamaji atakayeelewa. Kwa hiyo swali la kwanza la dairekta mpya liwe "we huyu mtu unamuonaje?"

Siku ya kwanza ya shuti panga sini rahisi, watu wawili ndani ya chumba, mchana. Usimpe sini ya harusi na eksitra sitini.

## Hatua ya 10: Picha zifanane

DOP akibaki yule yule nusu ya kazi imekwisha. Akiondoka naye, kabla hajaenda pata kwa maandishi: kamera na lenzi, fremu kwa sekunde, ukubwa wa picha, profaili ya rangi, waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) alizotumia ndani na nje. Zikikosekana, edita anaweza kusoma baadhi kwenye taarifa za klipu zenyewe.

Angalia hasa fremu. Kama mmeshuti 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, ambayo huku kwetu ni nzuri kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na taa hazipepesi, basi endelea na 25. Mtu mpya akija na mazoea ya 24 au 30 kutoka YouTube, mchanganyiko huo utauona kwenye mwendo wa watu, na kuurekebisha ni mateso.

Sini iliyoachwa katikati ndo hatari zaidi. Fungua shoti ya mwisho kwenye simu au tableti pale pale lokesheni, angalia: mkono gani ulishika glasi, kitenge kimefungwa wapi, jua linatoka upande gani, na mstari wa nyuzi 180 uko wapi, yaani kamera ilikuwa upande upi wa waongeaji. Ukivuka, watu wawili waliokuwa wanatazamana wataonekana wanatazama upande mmoja.

Hali ya hewa nayo. Kama mlianza Februari na mmesimama mpaka Aprili, masika imeingia, majani yamekuwa ya kijani na barabara ina tope. Hamisha sini za nje ziende ndani, au zishutiwe kwa shoti za karibu.

## Hatua ya 11: Vibali na jina

Toa kibali cha Bodi ya Filamu uangalie kimeandikwa kwa jina la nani. Kama jina la dairekta wa zamani limo, andika barua ya mabadiliko kabla ya kurudi lokesheni, Zanzibar ni BASSFU, Kenya ni KFCB. Barua za serikali ya mtaa na wenye nyumba vivyo hivyo, kwa sababu wengi waliongea naye yeye na wanaweza kukufungia geti asubuhi na kruu iko nje na vyombo.

Jina kwenye filamu lina njia tatu: wa kwanza peke yake, wa pili peke yake, au wote wawili. Kwa filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018, Bryan Singer alifukuzwa Desemba 2017 na Dexter Fletcher ndo aliyemalizia, lakini jina la dairekta lilibaki Singer na Fletcher akatajwa kama prodyuza mtendaji, ndivyo kanuni za chama chao zilivyowabana. Nyie hamna chama cha kuwaamulia, kwa hiyo amueni wenyewe kwa kuangalia dakika zilizobaki kwenye filamu ikishakatwa. Mwenye nyingi ndo dairekta, mwenzake anapata "uongozaji wa ziada" au shukrani. Wakikaribiana, waandike wote wawili. Kumfuta kabisa mtu aliyeshuti nusu ya filamu ni uchokozi, na ni rahisi yeye kuthibitisha kuliko wewe kukanusha.

## Kesi ngumu kidogo

Dairekta ndiye aliyeandika skripti. Hapo unaachana naye mara mbili. Kiti cha dairekta ni kimoja, skripti ni mali nyingine, na bila karatasi ya kuinunua skripti huwezi kuendelea hata kama picha zote unazo. Nunua skripti kwanza, kwa bei yake tofauti na kwa karatasi yake, ndo ufanye kikao.

Kamera ni yake. Kodi nyingine kabla ya kikao, ikiwezekana modeli ile ile, na ifanyieni majaribio nusu siku.

Ni ndugu, au kaletwa na mwenye hela. Mwenye hela aambiwe kabla ya dairekta, ukiwa na daftari na hesabu ya Hatua ya 4 mkononi. Akikataa, filamu ni ya kwake, na wewe una uamuzi wa kufanya kuhusu wewe mwenyewe. Kwa ndugu, yule mtu wa tatu awe mkubwa wa familia, sio mtu wa filamu.

Anakuposti mitandaoni. Usijibizane. Mtumie binafsi picha ya kile kipengele alichosaini, mara moja. Akiendelea mwachie wakili.

Karatasi zote hizi ziskani, ziweke PDF kwenye folda moja na mikataba ya waigizaji, ya muziki na ya skripti, na filamu ikiisha isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Siku televisheni au jukwaa la kustream linataka kununua, kabla ya bei wataomba uthibitisho kwamba filamu ni yako kweli, na wakiona madairekta wawili kitu cha kwanza watakachoulizia ni ile karatasi ya kuachana.